Vijana hawana ujuzi, sawa, ila nani ana muda wa kuwafundisha?

Nimekaa vikao vingi vya ajira za ofisi za umma na wimbo ni uleule, vijana wanakuja na vyeti ila kazi hawaiwezi. Ukiuliza kipi hasa hawawezi, mara nyingi hutasikia kompyuta, utasikia kuongea na mwananchi aliyefika kaunta kakasirika, kuandika barua ya nusu ukurasa ikaeleweka, kujua lipi unaamua mwenyewe na lipi unampelekea bosi. Sasa vitu hivyo utavifundishia wapi kama si kazini kwenyewe? Ndo maana waajiri wanausifu sana uanagenzi, yaani kijana kujifunza kazi akiwa kazini chini ya mzoefu, alafu ukiwaambia haya, pokeeni wawili kwenye kitengo chenu, wanaanza kukuna kichwa.

Mi siwalaumu sana. Mwanagenzi anakula muda wa mtu, na huyo mtu ni yuleyule mzoefu anayebeba kitengo kizima. Niliwahi kupewa mmoja, miezi mitatu ya kwanza kazi zangu zikarudi nyuma mpaka nikawa nabaki jioni, na hakuna aliyenipunguzia hata faili moja. (Baadaye yeye ndo akawa ananiokoa, ila hilo kwenye tathmini yangu halikuandikwa popote.)

Angalia Uingereza. Toka Aprili 2017 mwajiri ambaye mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka anatozwa asilimia 0.5 ya kile kinachozidi, na hela hiyo inaenda kwenye mafunzo ya wanagenzi. Taasisi za umma za England zenye watu 250 kwenda juu zikapewa na lengo kabisa, wanagenzi wapya wafikie wastani wa asilimia 2.3 ya wafanyakazi kila mwaka, na lengo hilo likadumu hadi 2022. Hela ikawepo, lengo likawepo, basi mambo safi? Wapi! Tozo inalipia mafunzo na upimaji tu, hailipi mshahara wa mwanagenzi wala wa mtu wa kumshikia nafasi akiwa darasani, na mwanzoni sheria ilitaka asilimia 20 ya muda wake wa kazi iende kwenye kujifunza, yaani kama siku moja kwa wiki. Ofisini unaweza kuvumilia, ila wodini pengo la zamu halifichiki, na mwanagenzi wa unesi wa digrii anasoma kama miaka minne. Matokeo yake mwajiri anachangia tozo, anashindwa kuitumia, na hela hiyo ilikuwa ikilala miezi 24 imepotea hivyohivyo. Waajiri wa afya huko wamelalamikia hili miaka na miaka.

Kwa hiyo siku hizi mwajiri akianza ule wimbo namuuliza kitu kimoja tu, nitajie jina la atakayefundisha na kazi gani utamtoa mikononi. Mara ya mwisho nilipouliza kikao kizima kilinyamaza, alafu mwenyekiti akasema twende ajenda inayofuata.