Wells, Kalenga na mwaka 1898

Nimemaliza kusoma The War of the Worlds, riwaya ya Mwingereza H. G. Wells, na usingizi umegoma kuja. Kitabu kilitoka Uingereza mwaka 1898. Huku Iringa mwaka huo tunaukumbuka kwa jambo jingine: ndio mwaka Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojipiga risasi, Wajerumani wasimpate akiwa hai.

Viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanatua Uingereza na mashine za miguu mitatu, wanaunguza watu kwa mwali wa joto, na jeshi lililotisha dunia linasambaratika kwa siku chache. Mapema kabisa Wells anawakumbusha wenzake jinsi wazungu walivyowafyeka watu wa Tasmania, kisha anawauliza kama wana haki ya kulalamika. Nilikiweka kitabu chini kidogo. Aliyaandika hayo ndani ya himaya yenyewe, ngome ya Mkwawa ya Kalenga ikiwa imekwisha kuangushwa na Wajerumani tangu 1894.

Wamirihi wana akili kutushinda, huruma hawana. Je, hiyo ndiyo akili ya juu? Kwangu mimi, hapana. Pale Lugalo mwaka 1891 Wahehe walikifyeka kikosi cha kamanda Mjerumani Zelewski, licha ya bunduki zake zote na mizinga. Waliorudi miaka mitatu baadaye walizidi kwa silaha, basi. Utu wao haukuwa umeongezeka.

Mwishoni Wamirihi wanauawa na vijidudu. Wengi wanausifu mwisho huo, mimi unaniuma. Miaka hiyohiyo ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulimaliza ng'ombe Afrika Mashariki, na waliofilisika ni wenyeji.

Lakini kinachoninyima usingizi ni msimulizi. Yeye ni msomi, na vita vilimkuta akiandika makala kuhusu maadili yatakavyokua kadiri ustaarabu unavyoendelea. Anakwama na kasisi kwenye nyumba iliyobomoka, Wamirihi wako nje ya ukuta. Kasisi anachanganyikiwa, anaanza kupiga kelele. Msomi anampiga kwa mpini wa shoka la nyama, anaanguka. Kisha mkono wa chuma unaingia ukipapasa, unamburuta kasisi, unarudi hadi kwenye stoo ya makaa alikojificha msomi, unagusa kisigino cha kiatu chake.

Nimejaribu kumhukumu, nimeshindwa. Jumatatu nitawasomea kidato cha tano kurasa hizo, niwasikie wao wangefanyaje mle ndani.