Seva inayokata kauli usiku

Wiki ya 1

Seva imenyamaza tena, mara ya tatu mwezi huu. Taa zinawaka, feni zinazunguka, lakini haijibu ping (salamu ya kupima kama iko hewani) wala ssh (njia ya kuingia kwa mbali). Humo ndimo nilimotunza picha na sauti za wazee wetu, na kila inapokwama moyo unanienda mbio. Chumba ilimowekwa kiko mbali; kwenda kubonyeza kitufe tu kunanila nusu siku.

Mfumo endeshi ni FreeBSD, diski ziko chini ya ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda mafaili. Baada ya kuiwasha nilifungua /var/log/messages, faili la kumbukumbu za mfumo. Mstari wa mwisho ni kazi ya kawaida ya cron (kiendesha kazi za ratiba), unaofuata ni wa kuwaka upya. Katikati hakuna hata neno. /var/crash, panapohifadhiwa nakala ya kumbukumbu mfumo ukianguka, nayo tupu, ingawa dumpdev inayoruhusu nakala hiyo iko kwenye AUTO. Nimelifikiria hili usiku mzima. Mashine iliyokwama haina namna ya kuandika kwenye diski yake kwamba imekwama. Mgonjwa akikata kauli, anayejua maneno yake ya mwisho ni yule aliyekuwa amekaa kando ya kitanda. Seva yangu haina wa kukaa kando ya kitanda.

Wiki ya 2

Ubao mama una BMC, yaani kompyuta ndogo ya pembeni yenye prosesa yake. Inaishi kwa umeme mdogo ambao pawasaplai huendelea kuutoa hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya umechomekwa ukutani. Inazungumza IPMI, lugha ya kusimamia seva kwa mbali, kupitia poti 623 ya UDP.

Nilianza na daftari lake la matukio, kwa amri ya ipmitool sel list. Tukio la mwisho ni la miezi mingi iliyopita! Daftari limejaa, na likishajaa BMC hii haiandiki tena. Zilizolijaza ni feni. Nilizoweka ni za kimya, hushuka hadi mizunguko 400 kwa dakika, na kiwango cha chini cha kiwandani kiko juu ya hapo. Kwa hiyo kila feni ikipunguza mwendo, BMC inaandika hatari. Nimeshusha viwango kwa ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300, na kwa feni nyingine vivyo hivyo, ndipo nikafuta daftari kwa sel clear. Ukifuta kabla ya kushusha viwango litajaa tena.

Jambo la pili: BMC ilikuwa ikitumia tundu moja la mtandao na seva yenyewe, na seva ilipokwama BMC nayo ilikuwa haipatikani. Nimeihamishia kwenye tundu lake la peke yake.

Konsoli ya siriali kupitia mtandao, yaani kusoma kwa mbali maandishi ambayo seva ingeyaonyesha kwenye skrini, imenila jioni tatu. Nilikuwa naona maandishi ya BIOS vizuri, halafu FreeBSD ikianza tu, kimya. Sababu ni kwamba BMC husikiliza poti ya siriali ya pili, na FreeBSD kwa kawaida huongea kwenye ya kwanza. Mistari iliyomaliza kazi kwenye /boot/loader.conf:

boot_multicons="YES"
console="comconsole,vidconsole"
comconsole_port="0x2F8"
comconsole_speed="115200"

Kasi lazima ilingane pande zote tatu: BIOS, BMC na loader (programu inayoiwasha FreeBSD). Na jambo dogo linalosumbua: kutoka kwenye konsoli unaandika ~. lakini hiyohiyo ndiyo inayokata ssh. Ukiwa ndani ya ssh andika ~~. la sivyo utajifungia nje.

Sasa kompyuta ndogo ya pili inakaa na ipmitool sol activate, amri inayofungua konsoli hiyo, ndani ya tmux isiyofungika nikiondoka, ikiandika kila herufi kwenye faili. Mkaa kitandani amepatikana.

Kuhusu usalama sitanii. IPMI 2.0, ya mwaka 2004, ina udhaifu ulio ndani ya kanuni zake zenyewe: kabla hujathibitisha wewe ni nani, BMC hukupa hashi, yaani alama ya siri inayotokana na nenosiri, ukaivunje kwako kwa wakati wako. Hakuna kiraka cha hilo. BMC yangu haigusi intaneti. Naifikia kwa WireGuard tu, njia ya mtandao iliyofichwa kwa siri, na nenosiri nimelijaza baiti zote 20 zinazoruhusiwa.

Wiki ya 4

Imekwama saa nane usiku, na safari hii imesema. Faili la konsoli linaishia na mistari ya MCA (ripoti ya prosesa kuhusu hitilafu za vifaa) yenye neno UNCOR, yaani lisilorekebishika, na memory error, kisha mstari wa panic, tangazo la mfumo kusimama, uliokatika katikati. Daftari la BMC nalo lina tukio la ECC (ulinzi wa RAM dhidi ya makosa) lisilorekebishika, na limetaja sloti yenyewe. Mashahidi wawili, habari moja.

ECC huongeza biti 8 kwa kila biti 64 za data. Biti moja ikigeuka inarekebishwa kimyakimya, mbili zikigeuka inaweza kutambua tu. Kerneli, kiini cha mfumo, ikiambiwa data ni mbovu na haitengenezeki, kusimama ndio uaminifu wenyewe. Ingeendelea, pengine ningekuwa na sauti za wazee zilizoharibika bila kujua.

Nimekwenda mwenyewe na kuhamisha vijiti viwili vya RAM, kila kimoja kwenye sloti ya mwenzake. Memtest86+, programu ya kupima RAM, imezunguka usiku kucha bila kosa, lakini sikuiamini.

Wiki ya 5

Kosa limehama pamoja na kijiti. Kwa hiyo sloti ni nzima, kijiti ndicho kibovu. Nimekitoa, seva inaendelea na RAM pungufu.

Ndipo nikawasha watchdog, kipima muda kinachoiwasha seva upya isipotoa ishara kwamba iko hai: ipmi_load="YES" kwenye loader.conf, watchdogd_enable="YES" kwenye rc.conf. Nilikataa kuiwasha mapema kwa makusudi, maana ingeiwasha seva upya na mimi nikaamini imepona. Jaribio: nimesimamisha watchdogd, inayotoa ishara hiyo, kwa kill -STOP nikasubiri. Baada ya dakika mbili na kitu BMC imeiwasha upya, na nimeona kila mstari kwenye konsoli nikiwa nyumbani.

Wiki ya 9

Siku 31 bila kukwama. Zpool scrub, ukaguzi wa data yote ya ZFS, imemaliza, makosa sifuri. Kijiti kipya kimefika; nitakiweka Jumamosi, na mkaa kitandani ataendelea kuandika.