Kutoka Makambako hadi Mumbai: nilivyopasuliwa mgongo kwa tundu dogo

Kilichonifanya niache kuuchukulia mgongo wangu kuwa uchovu wa kawaida ni kandambili. Nilikuwa natembea sokoni Makambako, mguu wa kulia umevaa, wa kushoto mtupu, na mwenyewe sina habari. Kijana mmoja wa kupakia mizigo ndiye aliyeniita: "Mama, kiatu umekiacha kule kwenye mizani." Maumivu nilikuwa nayo tangu msimu wa viazi uliopita. Yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye tako, yakapita nje ya paja mpaka juu ya unyayo, na nikikohoa yananipiga shoti. Hayo nilishayazoea. Mguu usiojua kwamba kiatu kimetoka lilikuwa jambo jingine.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo. Lumbesa sibebi mimi, wapo vijana, lakini kuinama kuchagua viazi kutwa nzima na kupanda Fuso kutoka mashambani Njombe kwa barabara za vumbi ni kazi ya mgongo. Nilishachuliwa na mama mmoja anayejua mifupa, nilishafungwa mkanda, na diklofenaki nilizomeza sikuzihesabu.

Nikaenda hospitali ya Ikonda, kule Makete, ambako watu wa huku kwetu hukimbilia tumbo likikataa na mguu ukikataa. Daktari hakuanza na mashine. Alinilaza chali, akauinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, nikapiga kelele kabla haujafika mbali. Akaniambia nitembee kwa visigino. Kulia nikaweza, kushoto unyayo ukaanguka. Mwisho akakibonyeza kidole gumba cha mguu huohuo: "Kiinue, mama." Hakikuinuka. Eksirei ilionyesha mifupa tu, naye alikuwa ameshaniambia kabla ya kupiga kwamba diski haionekani kwenye eksirei. Akanieleza kwamba kati ya pingili na pingili kuna diski, ngumu nje na laini ndani. Ile laini ikipasua ukuta na kutoka, inakandamiza neva inayopita jirani. Wengi hupona ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa na mazoezi, mwili wenyewe ukikinyonya kile kipande. Ila mguu ukianza kupoteza nguvu, hesabu inabadilika. Akanionya pia kwamba nikifa ganzi sehemu za siri, au mkojo ukaziba au ukatoka wenyewe, nisingoje kupambazuke, niende hospitali usiku huohuo.

MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha diski na neva, nilipiga Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa njia ya Iringa na Mtera. Diski ya kati ya L4 na L5, yaani pingili ya nne na ya tano za kiunoni, ilikuwa imechomoza kushoto, kipande kimekalia neva ya L5. Majina hayo niliyashika kama namba ya simu ya nyumbani, na yalinisaidia sana. Jambo la pili lililonisaidia ni CD. Ukitoka MRI wanakupa filamu, zile karatasi nyeusi kubwa, na ukiomba wanakupa CD. Omba. Daktari wa mbali hawezi kusoma picha ya filamu uliyoipiga kwa simu dirishani.

Na CD yangu nikaenda kwa bingwa Dar es Salaam. Huyu baba ndiye aliyeongoza kila kitu kilichofuata, ingawa si yeye aliyenipasua. Aliangalia picha, akanipima kidole, akasema kipande kitolewe, basi. Pingili zangu hazina shida nyingine. Akaniambia wazi kuwa upasuaji huo unafanyika hapahapa nchini, na kwamba MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wamefungua migongo mingi. Watu hudhani ukienda nje ni kwa sababu nyumbani hakuna wataalamu. Kwangu haikuwa hivyo. Mtoto wa kaka yangu anasoma Pune, saa chache kutoka Mumbai, amekaa India miaka na anakijua Kihindi cha kuombea punguzo. Ndiye aliyesema, "Shangazi, njoo, nitakuwa nawe wodini." Nyumbani ningeuguzwa na nani, na mimi ndiye ninayewauguza wote? Asingekuwa yeye, ningepasuliwa Dar na nisingejuta.

Tulituma picha kwa hospitali mbili za India. Ya kwanza ilijibu upesi mno, kabla sijaanza hata kusubiri: nifungwe skrubu na vyuma kwenye pingili mbili, bei karibu mara mbili ya niliyotegemea. Barua ilikuwa nzuri, ina rangi na nembo, na wakala wao akaanza kunipigia asubuhi na jioni akiniita "mama yangu". Ya pili ilichelewa. Daktari wake alitaka kuniona kwa video kwanza, akaniambia niinue kidole mbele ya kamera, halafu akaomba eksirei nyingine, moja nimesimama nimeinama mbele, nyingine nimejikunja nyuma. Nikapeleka swali Dar. Bingwa akanieleza kwamba skrubu zina kazi yake, pingili inapoteleza juu ya mwenzake, na hizo eksirei za kuinama ndizo zinazoonyesha kama inateleza. Nikapiga. Haikuteleza. Wa Mumbai akasema kama alivyosema wa Dar: toa kipande, acha mfupa. Watu wawili wasiojuana wakisema neno moja, mimi huo ndio ulikuwa uamuzi wangu. Wakala nikamwambia asante, baba, na namba yake nikaizima.

Fedha zilitoka kwenye misindano. Nilikuwa na kipande cha miti niliyopanda mwenyewe, haijafikia umri wa mbao nzuri, nikaiuza ikiwa imesimama. Roho iliuma. Bei ya hospitali nilitaka niandikiwe kila kitu: chumba, siku za kulala, dawa, vipimo vya kabla, na nani analipa nikilala zaidi ya walivyopanga. Hilo la mwisho hawaliandiki mpaka uulize. Viza ya matibabu ya India tuliiomba mtandaoni kwa barua ya hospitali, na wasindikizaji wanaruhusiwa wawili, nao kwa viza yao. Mimi nilikwenda na mdogo wangu. Kadi za njano, za chanjo ya homa ya manjano, tulibeba. Sindano yake inatakiwa ipite siku 10 kabla ya safari, kwa hiyo si ya kuchomwa ukiwa njiani kwenda uwanjani.

Safari iliyonitisha haikuwa ya ndege. Ilikuwa ya kufika Dar. Basi kutoka Makambako linashuka Kitonga, linapita Mikumi, matuta kila kijiji, nami kukaa robo saa kulikuwa kunanitoa jasho. Mdogo wangu ndiye aliyesema, "Dada, kwa nini tusipande TAZARA?" Treni ina vitanda! Behewa la daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, na wanawake hupangwa na wanawake. Nikalala kitanda cha chini kwa ubavu, mto katikati ya magoti, tukapita mahandaki ya kuelekea Mlimba, tukaingia bonde la Kilombero, mama mmoja wa Tunduma akinilisha ndizi. Kwa mgonjwa wa diski sijui usafiri mwingine wa bara hili unaokuruhusu kunyooka hivyo. Kutoka Dar tulichukua ndege ya Air Tanzania ya moja kwa moja hadi Mumbai, saa kama 6 hivi. Niliomba kiti cha njiani na kiti cha magurudumu uwanjani; hicho cha magurudumu hakilipiwi, kinaombwa tu mapema.

Mumbai nitasema kidogo, maana niliiona kupitia dirisha la wodi. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ilitusumbua kila tulipopiga simu nyumbani. Chapati na chai ya maziwa tulizikuta, manesi wanaitwa sista kama kwetu, na wagonjwa jirani walitoka Kenya, Oman na Bangladesh.

Siku ya upasuaji walinipa nusu kaputi. Daktari alinichorea kabla, kwenye karatasi ambayo bado ninayo. Unalazwa kifudifudi, wanatafuta pingili kwa eksirei ili wasikosee ngazi, wanakata ngozi kama sentimita mbili pembeni kidogo ya uti. Halafu wanapitisha vibomba, chembamba kwanza, kisha kinene juu yake, kingine tena, misuli ikitanuliwa badala ya kukatwa. Ndani ya bomba la mwisho anafanya kazi kwa hadubini: anapunguza mfupa kidogo, anaisogeza neva, anatoa kipande. Hadubini kwenye mgongo ilianza miaka ya 1970, bomba likaja miaka ya 1990, kwa hiyo si majaribio. Ila alinisisitizia kwamba tundu dogo ni la ngozi na misuli. Neva ni ileile, na hatari zake ni zilezile: maambukizi, utando wa neva kuchanika, na diski kutoka tena mahali palepale, hata baada ya miaka. Nikatia saini nikiwa naelewa ninachosaini.

Nilipozinduka, shoti ya mguuni haikuwepo. Niliitafuta. Kiuno kiliuma pale penye kidonda, lakini lile la mguuni lilikuwa limekwenda. Ganzi na kidole vilibaki, na nilishaambiwa hivyo: maumivu huondoka upesi, nguvu hurudi polepole, ganzi huja mwisho, na pengine isiishe yote. Jioni hiyohiyo wakanisimamisha. Unageuka mwili mzima kwa pamoja kama gogo, unashusha miguu, unajisukuma kwa mkono. Nikatembea mpaka mlangoni, mtoto wa kaka akinishika mkono na kulia yeye badala yangu.

Sehemu ambayo sikuitegemea ilikuwa ya karatasi ya maelekezo. Usiiname, usijipinde, usinyanyue kitu kizito, usikae zaidi ya nusu saa, usikalie kiti cha chini. Nikamtazama dada wa mazoezi ya viungo. Hayo yameandikwa kwa mtu wa ghorofani! Nikatoa simu, nikamwonyesha nyumba yangu: jiko la mafiga, karai la kufulia, ndoo ya lita 20, choo cha kuchuchumaa nje, na kigoda ambacho kila mgeni hukalia. Akacheka, kisha akakaa kitandani kwangu akachukua kalamu. Picha moja baada ya nyingine. Choo: kijengewe kiti cha juu kabla sijafika, hilo si la kujadili. Jiko: lipandishwe mezani au apike mwingine. Maji: chupa, si ndoo, mkono huu na mkono huu. Wageni: niwapokee nimesimama au nimelala, nisione aibu. Alinifundisha na kuokota kitu kwa kupiga goti moja, mgongo umenyooka, tukairudia mpaka sista akaja kuuliza kuna nini. Nikampigia mkwe wangu Makambako, na nilipofika nikakuta ametengeneza kiti cha mbao juu ya tundu, imara, amekipiga na msasa. Sijawahi kupewa zawadi bora na mkwe.

Hatukuondoka mpaka kidonda kimekaguliwa na barua ya kuruhusiwa kupanda ndege imesainiwa. Ndegeni nilivaa soksi za kubana na kusimama mara kwa mara, maana damu huganda miguuni ukikaa sana baada ya kupasuliwa. Dar nilipitia kwa bingwa wangu na ripoti na CD mpya, ili kama kitatokea kitu asianze gizani. Treni sikupanda wakati wa kurudi. Tuliruka hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, halafu gari dogo, na kila mahali palipo na jina nilishuka nikatembea: Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa. Dereva alifikiri nina biashara kila kituo.

Wageni walikuja kweli. "Kamwene, pole na safari," wakishika kigoda kunivutia nikae nao, nami nimesimama nimeegemea ukuta. Shangazi yangu mzee alikasirika kwamba nampokea mkubwa nikiwa nimesimama, mpaka mdogo wangu alipomwonyesha kovu. "Hili tu?" akasema. Alitegemea kitu cha kutoka shingoni hadi kiunoni kwa hela zile.

Sasa kidole kinainuka, si kama cha kulia lakini kinainuka, na juu ya unyayo pamebaki kiganzi cha ukubwa wa sarafu. Mazoezi nafanya asubuhi kabla ya baridi kuisha. Sokoni nimerudi, viazi vinachaguliwa juu ya meza sasa, na Fuso nimeiachia wengine. Jirani yangu mmoja, dereva wa njia ya Tunduma, alikuja akitaka namba ya hospitali ya Mumbai. Naye anaumwa mguu. Nikamtuma kwanza Ikonda. Kidole chake kiliinuka, kisigino kikatembea, wakampa dawa na mazoezi na kumpumzisha na usukani. Kabla wiki hizo 12 hazijaisha alikuwa ameshapona, na fomu ya pasipoti aliyokuwa ameanza kuijaza bado iko kwenye droo ya gari lake.