Droo ya Herufi A

Juzi binti yangu alimaliza kusoma riwaya ya Kisima cha Giningi, akataka kujua kama Bwana Msa, mpelelezi wake, ana visa vingine, na kipi kilitangulia. Alikuwa ameshatafuta kwenye simu, akaambulia duka linalouza kimoja tu. Nilimtajia vitabu vitano, pamoja na miaka yake, naye akaniuliza niliyajulia wapi hayo yote.

Niliyajulia kwenye kabati la kadi la maktaba, lenye droo za kadi zilizoorodhesha vitabu vyake. Nilikuwa sekondari, likizo ya mwisho wa mwaka, na baba mdogo alikuwa ameniazima nakala ya kitabu hichohicho, chakavu, isiyo na jalada. Habari za mdhamini, picha na fomu za uanachama wa maktaba nazipita. Nilipoulizia vingine vya mwandishi yule, mkutubi hakunipeleka kwenye rafu, bali kwenye kabati hilo.

“Kule utaona vilivyorudishwa, mwanangu,” alisema. “Anzia hapa kwanza.”

Nilivuta droo ya M, kwa kuwa mwandishi anaitwa Muhammed Said Abdulla, nikakuta kadi iliyonielekeza niende A. Droo ya A ilikuwa nzito, na kadi zake, zilizopigwa taipu, zilishikwa kwa chini na fimbo nyembamba ya chuma iliyopita katikati ya matundu yake ili msomaji asiweze kuchomoa hata moja. Kabla sijasoma neno, niliona kwamba ukingo wa juu wa kadi nyingi ulikuwa mweupe, ila mahali pamoja ulikuwa umegeuka kuwa kahawia kwa vidole vya watu. Ndipo alipokuwa Abdulla. Kadi zilifuatana kwa alfabeti ya majina ya vitabu, hivyo ilinibidi nizipange upya kichwani kwa miaka: Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, Kisima cha Giningi, 1968, Duniani Kuna Watu, 1973, Siri ya Sifuri, 1974, Mwana wa Yungi Hulewa, 1976. Kitabu cha kwanza kilitolewa na East African Literature Bureau, cha pili na Evans Brothers wa London, cha tatu na East African Publishing House. Mpelelezi mmoja wa Unguja alikuwa amepita mikononi mwa wachapishaji watatu, na muuza vitabu anayeagiza kwa mmoja wao asingeweza kamwe kunionyesha safari yake nzima.

Cha 1960 hakikuwapo rafuni. Kadi yake ilikuwapo, na sijui kama hiyo ilikuwa faraja au kejeli, maana nilijua sasa kwa hakika nini nilichokikosa.

Makabati ya namna ile yamepisha kompyuta, na sitajifanya kuyalilia, kwani kompyuta hutafuta kwa neno lolote ilhali kadi ya riwaya haikusema chochote kuhusu kisa chenyewe, ila kurasa na sentimita. Ninachokitamani ni ule ukingo wa kahawia, ambao hakuna aliyekusudia kuuandika.

Mzimu wa Watu wa Kale niliupata baada ya miaka mingi, nikiwa nimeshasoma vilivyoufuata karibu vyote. Kusema kweli, mpangilio niliouhangaikia haukunifaa sana, kwa kuwa kila kisa husomeka peke yake. Lakini sikuweza kukifungua kitabu kile kama mtu asiyejua kwamba ndicho cha kwanza.