Chai ilishuka bei, wakaitosa baharini

Kuna jamaa pale kijiweni Mikindani kabisha mpaka kahawa ikapoa, eti Wamarekani walimtimua Mwingereza sababu chai ilipanda bei. Wapi bana, chai ilishuka! Sheria ya 1773 iliiruhusu kampuni ya Kiingereza ya East India ipeleke chai yake moja kwa moja Amerika, bei ikawa chini hata ya magendo, ila ile kodi ndogo ikabaki palepale, na aliyeipanga ni bunge la London ambalo wao hawana mbunge hata mmoja.

Mkulima wa korosho hahitaji mwalimu kulielewa hili. Unapokea karatasi yako ya malipo, bei ya mnada ipo safi, chini yake makato, makato tena, mengine ukiuliza anayekulipa anajikuna kichwa tu. Hela yenyewe saa nyingine ndogo, kinachouma ni kwamba kikao kilichoyapitisha wewe hukukisikia.

Na hawa walowezi wa Amerika walishazoea kujiamulia. Jamestown, makazi yao kule Virginia, ilianza 1607, na toka 1619 walikuwa wanaendesha mabaraza yao, kodi wanajipangia, London iko mbali na mambo yake. Vita na Mfaransa ilivyoisha 1763 ndo Mwingereza akajikuta ana madeni kibao, akaanza kukamua: sukari 1764, stempu 1765 (kodi ya karatasi, mpaka karata za kuchezea!), hiyo wakagoma akaifuta, 1767 karudi na vioo, rangi, karatasi na chai. Machi 1770 askari wa Mwingereza wakafyatua risasi Boston, mji wa bandari, wakafa watano, mmojawao Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Afrika.

Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 masanduku 342 ya chai yakaenda majini hapohapo Boston. Tusidanganyane, kati ya waliokuwa wanachochea walikuwepo na matajiri wa magendo, biashara yao ilikuwa inakufa.

Ila mi naona chai siyo iliyomponza Mwingereza, kilichomponza ni kufunga bandari ya Boston 1774 kuwaadhibu kwa hiyo chai. Watu wa Mtwara tunajua meli zisipokuja mji unakuwaje, kuli hana kazi, mama lishe anarudi na sufuria yake imejaa, bodaboda wanalala juu ya pikipiki. Yeye alidhani anaikomoa Boston peke yake, kumbe makoloni mengine yakawatumia chakula, Septemba wajumbe wa makoloni 12 kati ya 13 wakakaa Philadelphia, Aprili 1775 risasi zikalia Lexington, karibu na Boston, na 4 Julai 1776 tamko la uhuru likapitishwa.

Yule jamaa akanitupia swali, na watumwa je? Hapo alinipata. Jefferson aliyeandika kwenye hilo tamko kwamba watu wote wameumbwa sawa alikuwa na watumwa wake shambani. Novemba 1775 gavana wa Mwingereza kule Virginia akatangaza mtumwa wa muasi akija kupigana upande wake anakuwa huru, na wakamkimbilia kwa mamia. Kwahiyo kwa hao, mkombozi alikuwa mkoloni. Sisi tunakaa Mikindani, majahazi ya watumwa yalipakia hapahapa, hilo hatuwezi kulipita kama halipo.