318, 814 na wenzao: kumbukumbu ya mradi wangu wa gematria

Haya wadau, niliahidi nikifika mahali pa kueleweka naandika, basi nimefika. Kikokotoo kinafanya kazi. Unakipa neno la Kiebrania kinakupa jumla ya herufi zake, na sa hizi kimeshameza vitabu vyote vitano vya Torati, kwaiyo unaweza kukigeuza pia, unakipa namba kinakumwagia maneno yote yenye namba hiyo na aya zake. Hiyo ya pili ndo imenitoa jasho, na sio jasho la kompyuta, ntafika huko.

Kwa mnaojiunga sasa: Wayahudi wa zamani walizoea kuandika namba kwa herufi. Alef 1, bet 2, mpaka tet 9, halafu yod 10, kaf 20, mpaka tsade 90, kisha kof 100, resh 200, shin 300, tav 400, zimeisha, jumla herufi 22. Ukishazoea hivo kila neno lina jumla yake utake usitake, na kutafuta maana kwenye hizo jumla ndo gematria yenyewe. Mtu aliyepita madrasa huku pwani hata hashtuki, manake ni abjadi ileile, alif 1, ba 2, jim 3, dal 4, zinaenda sambamba mpaka 400, ila Kiarabu kinaongeza herufi sita za mwisho mpaka kwenye ghain 1,000. Ile 786 mnayoiona imebandikwa madukani na kwenye vioo vya magari ni Bismillahi yote imejumlishwa herufi kwa herufi, na najua wapo masheikh hawaitaki kabisa, mjadala wao huo mimi simo.

Sasa matini. Nimetumia matini ya kidijitali inayofuata Kodeksi ya Leningrad, mswada wa mwaka 1008, ndo Biblia kamili ya Kiebrania ya zamani kuliko zote tulizonazo zenye tarehe. Ukifungua faili unakuta herufi zimezungukwa na vidoti na vijistari juu chini katikati, zile ni irabu pamoja na alama za kughani, na kwenye gematria hazina thamani yoyote, zote nje. Hapo ni rahisi. Kazi ipo kwenye vitu viwili ambavyo kama na wewe unajaribu nyumbani nakuonya mapema.

Cha kwanza, Yunikodi, ule mfumo wa kompyuta unaoipa kila herufi namba (kodi) yake. Unaweza kudhani utaanzia alef uongeze moja moja ukifuata kodi zilivyopangwa, haiendi hiyo. Herufi tano, kaf, mem, nun, pe na tsade, zina umbo la pekee zikiwa mwisho wa neno, na Yunikodi imeziweka hizo za mwisho KABLA ya dada zao za kawaida, kwaiyo nafasi ni 27 sio 22, na kuanzia kaf ya mwisho hesabu yote inateleza. Andika jedwali kwa mkono, herufi kwa herufi, dakika kumi umemaliza. Na ukishafika hapo lazima uamue: herufi za mwisho zihesabiwe sawa na dada zao (huo ndo mtindo wa kawaida) au zipewe 500, 600, 700, 800 na 900. Mimi nimeweka swichi, na hiyo swichi nawaomba muikumbuke.

Cha pili ni kidogo ila kina sumu. Mwisho wa mafungu, faili linaweka herufi moja peke yake, ama pe ama samekh, kuonyesha fungu limeishia wazi au limefungwa. Sio sehemu ya maneno ya aya, ni alama tu za mpangilio, lakini kompyuta itajuaje? Inaona pe inahesabu 80, inaona samekh inahesabu 60, na jumla ya aya inavimba bila hata kukupa taarifa. Nimeandika sheria kwamba pe au samekh iliyosimama yenyewe mwisho wa aya itupwe.

Kupima nilianza na zile ambazo kila mtu anazijua. Hai, yani uhai, het 8 na yod 10, 18, na ndo maana mpaka leo Wayahudi wakitoa zawadi au sadaka wanapenda iwe 18, 36, 54 na kuendelea. Ehad, moja, ni 13. Ahava, upendo, ni 13 pia. Jumlisha unapata 26, na 26 ndo lile Jina la Mungu la herufi nne, yod he vav he, 10 na 5 na 6 na 5. Zote zimetoka sawa. Aya ya kwanza kabisa ya Mwanzo, maneno saba, imetoa 913, 203, 86, 401, 395, 407 na 296, jumla 2,701, ambayo ni 37 mara 73, na pia ukijumlisha 1 mpaka 73 unaipata hiyohiyo. Watu wameandika mengi sana juu ya hiyo 2,701. Mimi nimeitumia kujua kwamba programu yangu haina mdudu, na nimeridhika.

Baada ya hapo nikaingia kwenye za Talmudi (mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, walimu wa Kiyahudi wa kale) na mapokeo mengine ya marabi, na nikiri zimenikamata. Sikiliza hii: ha-satan, yule Shetani, he 5, shin 300, tet 9, nun 50, jumla 364. Mwaka wa jua una siku 365. Kwaiyo siku 364 Shetani ana ruhusa ya kushtaki watu, siku moja hana, na siku hiyo ni ile ya Upatanisho, Yom Kippur. Nyingine: mapokeo yanasema amri za Mungu ni 613, lakini neno tora lenyewe ni tav 400, vav 6, resh 200, he 5, jumla 611. Mbili zimeenda wapi? Marabi wanakwambia soma Kumbukumbu la Torati 33:4, "Musa alituamuru torati", 611 zilipitia kwa Musa, na mbili za kwanza za zile kumi watu walizisikia wenyewe kwa Mungu pale Sinai. Kuna na ngazi ya Yakobo, sulam, 130, sawasawa na Sinai. Hata ile ya yayin, divai, 70, na sod, siri, 70, ikiingia divai inatoka siri, hii hata asiyejua Kiebrania akikaa na walevi ataithibitisha.

Sasa ndo nikawasha ile ya kugeuza, namba kwenda neno. Jamani. Nilipoiandikia namba yoyote ya kawaida ilinimwagia orodha ndefu kama foleni, na ukikaa ukafikiria ilikuwa lazima iwe hivo. Torati ina maneno karibu 80,000 na mengi sana yapo chini ya 1,000, yani ukigawa tu kijuujuu kila namba inabeba wastani wa maneno kama 80 hivi yakiwemo yanayojirudia. Halafu kuna kanuni inaitwa kolel, inakuruhusu kuongeza 1 kwa ajili ya neno lenyewe, kwaiyo ukikosa kwa moja hujakosa, na ukiiruhusu pande zote mbili za mizani umepanua goli mara tatu. Halafu washa ile swichi ya herufi za mwisho. Halafu kuna njia ya kuandika jina la kila herufi kwa kirefu ujumlishe hayo, yod inakuwa yod-vav-dalet 20. Halafu kuna tahajia, Daudi kwenye vitabu vya Samweli kawaida anaandikwa dalet vav dalet, 14 (na wengi wanaona ndo sababu Mathayo anapanga vizazi 14, 14 na 14), ila kwenye Mambo ya Nyakati anaongezewa yod anakuwa 24, chagua unayemtaka. Ukiwa na swichi zote hizo na wewe huondoki na jibu, basi hutaki tu.

Ikanirudisha kwenye 318, ambayo kwangu ndo kesi bora kuliko zote. Mwanzo 14:14, Lutu katekwa, Abramu anachukua vijana 318 wa nyumbani mwake anawafuata wafalme. Talmudi inakuja na rai kwamba hawakuwa 318, alikuwa Eliezeri peke yake, yule mtumishi, sababu jina lake ni alef 1, lamed 30, yod 10, ayin 70, zain 7, resh 200. Jumlisha mwenyewe. Safi sana, mpaka unapiga makofi. Lakini sasa nenda kwa Wakristo wa mwanzo, kwenye Waraka wa Barnaba, uleule mstari, namba ileile 318, ila inasomwa kwa Kigiriki: iota 10 na eta 8 ni mwanzo wa jina la Yesu, na tau 300 ina umbo la msalaba, kwaiyo Abramu tayari alikuwa anahubiri msalaba. Namba moja, kambi mbili, kila mmoja katoka na wake na kila mmoja hesabu zake ni sahihi, hakuna hata mmoja aliyekosea kujumlisha. Ndo maana Abraham ibn Ezra, mfasiri wa Uhispania wa karne ya 12, alipofika kwenye aya hii alikataa katakata, akasema Maandiko hayasemi kwa gematria, kwani anayetaka anaweza kulitoa jina lolote kwa wema au kwa ubaya. Yeye hakuwa na kompyuta, alikuwa na akili.

Na ushahidi wa ubaya upo. Shabtai Tsvi, mwaka 1665 Nathan wa Gaza anamtangaza kuwa ndo Masihi, Wayahudi kuanzia Uturuki mpaka Ulaya wanauza mali wanafunga mizigo. Wafuasi wake wakahesabu: Shabtai 712, Tsvi 102, jumla 814. Chukua jina la Mungu, Shaddai, andika herufi zake kwa kirefu, shin 360, dalet 434, yod 20, jumla 814. Nimeingiza kwenye kikokotoo, kweli kabisa, 814 kwa 814 bila hata kolel. Mwaka 1666 mbele ya Sultani akasilimu. Kuna na nahash, nyoka, 358, na mashiah, Masihi, 358, nayo waliipenda sana hasa baada ya mambo kuharibika, manake sasa walihitaji maelezo ya kwa nini Masihi ameshuka kwenye giza. Hesabu haikubadilika hata nukta, kilichobadilika ni walichotaka kusikia.

Kwaiyo msimamo wangu sasa, na ndo naujenga kwenye mradi: gematria inapendeza pale ambapo swali lilikuwepo kabla ya namba. Amri 613 na ile 611 walikuwa nazo tayari, namba imekuja kuzikutanisha. Ukianza na namba halafu ndo ukatafute swali, umeenda. Marabi wenyewe walilijua hili, kwenye Pirkei Avot, mkusanyo wa misemo ya marabi wa kale, Rabi Elazar Hisma anasema gematria ni kama kachumbari tu pembeni ya hekima, wali wenyewe ni sheria. Na kweli, Yakobo ben Asher kule Toledo alipoandika ufafanuzi wake wa Torati aliweka hizi gematria mwanzoni mwa mafungu kwa nia hiyohiyo ya kumtia msomaji hamu. Kwenye ufafanuzi huo watu wanaikumbuka zaidi hiyo kachumbari kuliko wali, lakini hilo sio kosa lake.

Najua mtaniuliza 666 kwaiyo nimalizane nayo. Ufunuo 13:18. Neron Kaisari kwa Kiebrania: nun 50, resh 200, vav 6, nun 50, halafu kof 100, samekh 60, resh 200. 666. Na ukiondoa ile nun ya mwisho, kama Walatini wanavyosema Nero, inabaki 616, na kweli ipo papairo ya kale kutoka Oxyrhynchus, Misri, iliyoandika 616 badala ya 666. Hapa swali lilikuwepo kabla, kitabu chenyewe kinakuambia hesabu, kwaiyo naikubali. Ila tafadhali msinitumie majina ya marais, sitayaingiza.

Kwenye kikokotoo nimefanya mabadiliko moja kutokana na haya yote. Ukitafuta kwa namba, hakikupi tena neno moja la kuvutia juu kabisa, kinakupa orodha nzima iliyochanganywa bila mpangilio, pamoja na "na", "kwa", "ngamia wake" na takataka zote zenye namba hiyohiyo. Ukitaka kusema umegundua siri lazima kwanza upite kwa ngamia. Jamaa mmoja niliyempa ajaribu amelalamika kwamba nimeua utamu, nami nikamwambia aingize ha-satan auone utamu upo palepale.

Kinachofuata ni safu ya abjadi, manake wengi mmeiomba, hasa wale wa nyota, jina lako na la mama yako ugawe kwa 12 (hiyo sehemu sitaweka, wapo wanaoifanya kwa pesa, sitaki ugomvi). Herufi 22 za mwanzo nahamishia jedwali lilelile. Shida ni kwamba kuna majedwali mawili, la Mashariki ambalo sin ni 60, na la Maghribi ambalo sin ni 300 na 60 kapewa sad. Kipimo nimeshakipata: Bismillahi yote ina sin moja tu, kwaiyo ikitoka 786 nipo kwenye jedwali letu la Mashariki, ikitoka 1,026 limeingia la Maghribi. Nikimaliza ntaweka faili, mwenye simu ndogo asihangaike, linafunguka hata kwenye Excel.