Alasiri Moja Katika Baa ya Crown, Belfast

Mjomba wangu, seremala wa Tanga ambaye hajapata kuonja pombe, alikuja kunitembelea nilipokuwa nikisoma Belfast, Ireland Kaskazini, na jengo la kwanza nililompeleka kulitazama lilikuwa baa. The Crown Liquor Saloon, iliyopo Great Victoria Street mkabala na hoteli ya Europa, imekuwa chini ya National Trust, shirika linalohifadhi majengo ya kale, tangu mwaka 1978, na mpaka leo sijaona kazi ya mikono ya enzi ya Malkia Victoria inayoishinda.

Mlangoni sakafu imenakshiwa taji kwa vijiwe vya rangi. Wenyeji husimulia kwamba mkewe mwenye baa, aliyeupenda ufalme wa Uingereza, ndiye aliyetaka jina la Crown, yaani taji, na mumewe, Mkatoliki asiyeupenda ufalme huo, akakubali kwa sharti kwamba taji liwekwe pale ambapo kila mteja atalikanyaga. Kabla ya hapo baa iliitwa The Railway Tavern, kwa kuwa kituo cha reli kilikuwa ng'ambo ya barabara.

Ndani, Mjomba hakusema neno kwa muda mrefu. Taa za gesi zilikuwa zikiwaka, meza ndefu ya kuuzia vinywaji ilikuwa na uso wa jiwe jekundu la graniti, na vioo vya rangi viliipunguza nuru ya mchana kama katika kanisa. Nilimweleza kwamba inasemekana mafundi Waitaliano, walioletwa Ireland kupamba makanisa mapya, walishawishiwa na Patrick Flanagan, mwenye baa, kuifanya kazi hii baada ya saa zao.

"Ndiyo maana," alisema. "Aliyechonga huyu, mwanangu, hakuwa na haraka."

Alikuwa ameushika mguu wa simba wa mbao. Simba na wanyama wengine wa kuchongwa hulinda milango ya vyumba kumi vidogo, vilivyoandikwa herufi A hadi J, ambamo wateja waliotaka faragha walijifungia. Kila chumba kilikuwa na kengele ya kumwita mhudumu na bamba la chuma la kuwashia viberiti. Tuliagiza soda, tukakaa katika kimojawapo, na hapo ndipo nilipoelewa ustadi wa ujenzi wenyewe: mbao zimeinuliwa kupita kichwa cha mtu aliyeketi, lakini hazifiki darini, hivyo unafichika huku sauti na mwanga wa ukumbi vikikufikia.

Mabomu yaliyoilenga hoteli ya Europa miaka ya machafuko ya Ireland Kaskazini yaliijeruhi baa hii pia, na mwaka 1981 ilikarabatiwa kwa pauni 400,000. Nilipomtajia Mjomba kiasi hicho, hakushangaa. Alikuwa akiupima mlango kwa shibiri, akaniomba kalamu, na kabla hatujaondoka alinitajia vipimo vyote nami nikaviandika.